Jikoni Tunajibu: Unga wa Kukoleza, Vidonge vya Supu na Chumvi Isiyohesabiwa

Barua nyingi za safari hii zimegusa kitu kimoja: ule unga mweupe wa chembe zinazong'aa ulioandikwa MSG kwenye pakiti, ambao wapishi wengi huuita ajinomoto hata kama umetoka kampuni nyingine kabisa. Jina lake kamili ni monosodiamu glutameti. Tumezijibu pamoja.

SWALI: Ninauza chakula karibu na stendi. Kila siku napika maharage sufuria moja, kama kilo nane yakiiva, na huyachemsha kwa magadi ili yawahi. Mwenzangu alinishauri nitumie MSG, basi huwa natia konzi moja ninapokaanga vitunguu. Siku nyingine mchuzi unakolea vizuri, siku nyingine wateja wanasema una ladha inayoganda ulimini mpaka jioni, na siku nyingine sioni tofauti yoyote. Nakosea wapi? *Mama lishe, Dodoma*

JIBU: Mama, makosa ni matatu, na kuyarekebisha hakudai ununue kitu zaidi ya mizani ndogo ya jikoni.

La kwanza ni hiyo konzi. Ya leo inaweza kuwa gramu 20, ya kesho 45, na unga huu hauvumilii kukisia. Kiasi chake ni gramu 1 hadi 4 kwa kila kilo ya chakula kilichoiva. Chini ya hapo hausikiki. Ukivuka hapo utamu haupandi tena, unageuka: mchuzi unakuwa mzito mdomoni, unakosa mwisho, na mate yanajaa hata baada ya kumeza. Hiyo ndiyo ladha wanayoilalamikia wateja wako. Kwa kilo 8 anza na gramu 16. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba kama gramu 4, kwa hiyo ni vijiko 4. Siku unayotia nyanya nyingi au mifupa ya ng'ombe, teremka hadi vijiko 2 au 3, maana vitu hivyo vinaongeza ladha ya namna hiyo hiyo.

La pili ni mafuta. Glutameti huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Ukiitia wakati wa kukaanga vitunguu, chembe zinakaa chini ya sufuria, nyingine zinashika rangi na kuungua, na ukija kumimina maharage hujui kilichobaki ni kiasi gani. Subiri mpaka nyanya zimeiva, maharage yameingia na mchuzi unachemka. Dakika 10 kabla ya kuepua, yeyushia unga kwenye kikombe cha mchuzi wa moto, urudishe, ukoroge mpaka chini.

La tatu ni magadi, na hapa ndipo penye siri ya zile siku usizoona tofauti. Glutameti hufanya kazi vizuri kwenye mchuzi usio mchachu sana wala usiokuwa na magadi mengi. Magadi yakizidi, inabadilika umbo na ule utamu unafifia, hata utie vijiko sita. Chemsha maharage na magadi ukipenda (nusu kijiko cha chai kwa kilo moja ya maharage makavu inatosha kabisa), lakini yakishalainika mwaga maji hayo, suuza mara moja, tia maji mapya ya moto ndipo uunge. Nyanya nazo zitasaidia, kwa kuwa uchachu wake unavunja mabaki ya magadi.

Chumvi ipungue pia. Kama ulikuwa unatia gramu 80 kwa sufuria hiyo, sasa tia 56, kama vijiko 9 vya chai vya chumvi laini, kisha onja. Wapishi wengi huongeza unga na kuiacha chumvi palepale, halafu wanalaumu unga kwamba una chumvi kali.

Na ukizidisha? Kiazi hakitakuokoa. Kinanyonya maji ya mchuzi pamoja na vilivyomo, hakichagui chumvi peke yake wala glutameti peke yake, na mchuzi unaobaki una ukali uleule. Dawa ni kuongeza maharage yaliyochemshwa bila kitu, au tui jepesi, mpaka kipimo kirudi mahali pake. Ndiyo maana ni busara kuacha vikombe vitatu vya maharage pembeni kila siku kabla ya kuunga.

SWALI: Kuna unga wa MSG, kuna vidonge vya supu vya mraba, na kuna Mchuzi Mix. Je, ni kitu kimoja kwa majina tofauti? Mimi hutumia vyote vitatu kwenye pilau. *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Si kitu kimoja, na kuvitia vyote vitatu kwenye pilau moja ni kutia chumvi mara tatu.

Unga wa MSG ni kitu kimoja tu ndani ya pakiti. Kidonge cha supu ni mchanganyiko: chumvi, wanga, mafuta magumu, sukari kidogo, glutameti, viungo na rangi. Geuza pakiti usome. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia, na kwenye vidonge vingi utaikuta chumvi ndiyo ya kwanza. Kwa kawaida huwa nusu ya kidonge au zaidi. Kwa hiyo kidonge kidogo cha gramu 4 kinaingiza zaidi ya gramu 2 za chumvi kabla hujagusa kopo lako. Unga wa mchuzi wa pakiti nao una chumvi na viungo, lakini una wanga mwingi zaidi, na ndio maana mchuzi wake huwa mzito. Kwenye pilau wanga huo ni hasara: unagandisha punje na kushika chini.

Utaona pia namba. E621 ndiyo MSG yenyewe. E627, E631 na E635 ni za jamii nyingine inayotiwa kidogo sana kuipa glutameti nguvu. Kazi yake tunaieleza chini, kwenye swali la dagaa. Pakiti inaweza kujinadi kwa herufi kubwa kuwa haina MSG, halafu ndani ukakuta dondoo la hamira, ambalo lina glutameti yake ya kutosha. Hakuna ubaya wowote, ila ujue umelipia maneno.

Kwa pilau ya kilo moja ya mchele, chemsha nyama na mifupa mpaka supu iwe na nguvu, kisha chagua kimoja: vidonge viwili vya gramu 4, au kijiko kimoja cha chai cha MSG. Ukichagua vidonge, punguza chumvi yako kwa kijiko kimoja cha chai kasorobo. Viyeyushie kwenye supu kabla ya kutia mchele. Ukivivunjavunja juu ya wali unaokaribia kukauka, utakuta madonge ya chumvi sahani hii na uchapwa sahani ile.

SWALI: Hapa kwetu sombe bila Magi si sombe. Mke wangu anatia vidonge sita kwa sufuria ya watu watano, na tena chumvi. Mimi naona ni kali. Yeye anasema ulimi wangu ndio mbovu. *Baba wa nyumba, Bukavu*

JIBU: Tupige hesabu, tusigombane. Sufuria ya watu watano tuseme ni kilo moja na nusu ya sombe. Vidonge sita vya gramu 4 ni chumvi gramu 12 hadi 15. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinaongeza 6. Jumla ni 18 hadi 21 kwa kilo moja na nusu, wakati mboga ya namna hiyo hukolea kwa gramu 12 hadi 14. Ulimi wako ni mzima.

Kosa, hata hivyo, halianzi kwenye vidonge. Majani ya muhogo yasipotwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu hubaki na uchungu wa ukijani, na mpishi anajaribu kuufunika kwa Magi. Uchungu haufunikwi hivyo. Twanga mpaka yawe laini kabisa, chemsha bila kufunika walau saa moja, ndipo utie mawese, kitunguu na sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, viganja viwili. Sambaza watafanya nusu ya kazi ya Magi. Halafu vidonge viwili, na chumvi iwe ya mwisho, ikitiwa na mtu aliyeonja kwanza.

SWALI: Tunaambiwa unga huu unaumiza kichwa, unaharibu ubongo na kuleta kansa. Wengine wanasema ni salama kama chumvi. Tumwamini nani? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Hofu hii ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1968 daktari mmoja wa Marekani mwenye asili ya China, Robert Ho Man Kwok, aliandika barua fupi kwa jarida la New England Journal of Medicine. Alieleza kwamba akila kwenye migahawa ya Kichina anapata ganzi shingoni, uchovu na mapigo ya moyo ya haraka, akauliza sababu inaweza kuwa nini. Alitaja mchuzi wa soya, mvinyo wa kupikia, wingi wa chumvi na MSG. Lilikuwa swali. Vyombo vya habari vilichagua jibu moja kati ya manne, na likaganda. Tangu hapo migahawa ya Kichina imebeba lawama ambayo vitafunwa vya pakiti, vyenye glutameti ileile, havijawahi kubebeshwa.

Majaribio yaliyofuata, ambamo mtu hajui kama amepewa glutameti au kitu kingine, hayakutoa matokeo yanayofanana. Kilichoonekana ni kwamba watu wachache wanaweza kupata maumivu ya kichwa, ganzi au joto la mwili la muda mfupi wakimeza gramu 3 au zaidi kwa mkupuo bila chakula. Kwenye sahani ya chakula kiasi hicho ni nadra. Maharage ya mama wa Dodoma hapo juu, yakigawanywa sahani 20, yana gramu 0.8 kwa sahani.

Taasisi zenyewe hazijapanga kiwango kimoja. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO ya viongeza vya chakula iliamua mwaka 1987 kuwa hakuna haja ya kuweka kikomo cha siku. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikuwa na hadhari zaidi mwaka 2017, ikaweka miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 1.8. Sisi tunaona kipimo cha Ulaya ni kizuri kukifuata nyumbani, si kwa hofu, bali kwa sababu mpishi anayehitaji kukivuka kila siku amekwama mahali pengine kwenye mapishi. Kuhusu kansa, hakuna ushahidi unaoonyesha kuwa unga huu unaisababisha.

Kama wewe binafsi kila ukiula unaumwa kichwa, uache. Huhitaji ruhusa ya mtaalamu kuacha kiungo. Ila uangalie pia kama chakula hicho hakikuwa na chumvi nyingi, na kama ulikunywa maji ya kutosha.

SWALI: Nina presha. Nimesikia MSG ina sodiamu, kwa hiyo niikimbie kabisa. Je, ni kweli? *Mstaafu, Tanga*

JIBU: Mzee, shikamoo. Sodiamu imo, lakini tazama uwiano. Katika gramu 100 za chumvi ya mezani kuna sodiamu gramu 39. Katika gramu 100 za MSG kuna 12. Na MSG hutumika kidogo kuliko chumvi. Turudi kwenye sufuria ya kilo 8: chumvi gramu 80 peke yake ni sodiamu gramu 31. Chumvi 56 pamoja na MSG 16 ni sodiamu chini ya gramu 24. Umepunguza karibu robo, na mlaji hatalalamika kuwa chakula ni chapwa.

Lakini faida hiyo ipo tu kama chumvi imepunguzwa kweli. Ukiongeza unga juu ya chumvi ileile, umejidhuru. Na hata sahani hiyo iliyopunguzwa bado ina sodiamu sawa na chumvi gramu 3, wakati WHO inashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima. Kwako tungependa chumvi ishuke hadi gramu 4 kwa kilo ya chakula, MSG gramu 2, na ndimu ikamuliwe mezani. Vidonge vya supu ndivyo vya kukimbia. Na kama daktari amekupa kiwango chako, hicho ndicho cha kufuata.

SWALI: Je, MSG ni halali? Mwenzetu anasema inatengenezwa kwa mifupa ya nguruwe. *Msomaji, Unguja*

JIBU: Haitengenezwi kwa mifupa. Hapo mwanzo, kuanzia mwaka 1909 kule Japani, iliuzwa ikitokana na ngano: protini ya ngano ilichemshwa kwa asidi kali. Mwaka 1956 watafiti wa kampuni ya Kyowa Hakko walipata bakteria anayekula sukari na kutoa glutameti, na tangu hapo viwanda huchachusha molasi ya miwa, wanga wa muhogo au wa mahindi, kama vile maziwa yanavyochachuka kuwa mtindi. Kioevu husafishwa, hugandishwa kuwa chembe na kukaushwa.

Shaka ya mwenzenu, hata hivyo, haikutoka hewani. Huko Indonesia, mwishoni mwa 2000 na mwanzo wa 2001, Baraza la Maulamaa liligundua kuwa chakula alicholishwa bakteria kiwandani kilikuwa kimeandaliwa kwa kimeng'enya cha nguruwe. Bidhaa iliondolewa sokoni na chakula hicho cha bakteria kikabadilishwa. Funzo lake kwa mnunuzi ni dogo na la vitendo: tafuta alama ya halali kwenye pakiti, usinunue unga unaopimwa kwa kijiko kutoka gunia lisilo na jina. Kwenye vidonge uwe makini zaidi, maana humo kuna mafuta na dondoo za nyama, na E631 inaweza kutokana na nyama, samaki au uchachushaji wa mimea. Asiyekula nyama kabisa naye asome hapo hapo.

SWALI: Nami ni wa Unguja. Nauza urojo. Nimejaribu kutia MSG kwenye rojo lenyewe, haifanyi chochote. *Muuza urojo, Mjini Magharibi*

JIBU: Uchachu ndio unaoila. Rojo lenye ukwaju, embe bichi na ndimu ni kali sana, na kwenye ukali wa namna hiyo glutameti hugeuka kuwa asidi yake, ambayo utamu wake ni hafifu. Ukizidi kuongeza unatupa pesa. Itie kwenye vitu vinavyoingia bakulini: nusu kijiko cha chai kwenye mchanganyiko wa bhajia wa unga nusu kilo, uyeyushwe kwenye maji ya kuchanganyia, na robo kijiko kwa nusu kilo ya nyama ya mishkaki. Rojo liache na ukali wake, ndilo linalowaleta watu.

SWALI: Je, unga huu unalainisha nyama? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Haulainishi. Kinacholainisha ni papai bichi, au moto mdogo na muda.

SWALI: Sitaki vitu vya pakiti. Bibi zetu walipika mchuzi ukakolea bila MSG. Nipeni njia, kwa vipimo. *Msomaji, Bukoba*

JIBU: Bibi zetu walikuwa na glutameti, ila haikuwa na pakiti. Mwaka 1908 profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo alitaka kujua kwa nini supu ya mwani wa kombu ina utamu ambao si wa sukari, wala si chumvi, uchachu au uchungu. Akaipata glutameti, akaita ladha hiyo umami. Kiswahili kilikuwa kinaizungukia siku zote: tunaposema mchuzi mtamu hatumaanishi una sukari, na mchuzi unaoikosa tunauita chapwa hata kama chumvi imo.

Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, alipata kitu cha pili kwenye samaki mkavu, inosineti. Na mwaka 1957 Akira Kuninaka akaigundua guanileti, ile inayojaa kwenye uyoga mkavu. Hizi ndizo zile E631 na E627 za kwenye vidonge. Kuninaka ndiye aliyeonyesha jambo ambalo mpishi yeyote wa kando ya ziwa analijua kwa mkono: glutameti na inosineti zikikutana, ladha inapanda mara kadhaa kuliko zikiwa mbalimbali. Nyanya ina glutameti. Dagaa mkavu ana inosineti. Kikaango cha dagaa na nyanya ni somo zima la kemia, na Wajapani wenyewe hutengeneza supu kwa samaki wadogo waliokaushwa kama dagaa wetu.

Basi tengeneza unga wako. Chukua gramu 200 za dagaa wakavu. Waliokaushwa juu ya kichanja ni bora. Walioanikwa mchangani wataharibu kila kitu, kwani mchanga hauchujiki ukishasagwa. Kama huna wengine, waoshe haraka kwa maji ya vuguvugu mara tatu, bila kuwaloweka, uwaanike tena jua kali mpaka wakauke kabisa. Dagaa wakubwa kidogo, kama wa Kigoma, toa kichwa na ule uzi mweusi wa tumbo. Uchungu wote unakaa hapo. Wale wadogo wa Mwanza hawatoleki, kwa hiyo kwao tumia waliokaushwa karibuni, wa msimu, wenye rangi ya fedha, si wa manjano. Umanjano ni mafuta yaliyoanza kuchacha.

Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo, usitie mafuta. Geuza bila kuacha dakika 8 hadi 10. Mwanzo utasikia harufu ya ziwa, kisha itageuka kuwa ya karanga. Chukua mmoja uuvunje: ukikatika kwa mlio, epua. Ukipinda, bado una maji, na unga wake utaota ukungu. Ukiona moshi umechelewa, na unga utakuwa mchungu. Waache wapoe kabisa ndipo utwange kwenye kinu au usage, uchekeche, na makapi uyarudishe kinuni. Ukipata uyoga mkavu, saga gramu 30 uchanganye humo.

Nyanya sasa. Kilo moja, zilizoiva mpaka zinabonyea, kwa sababu glutameti huongezeka nyanya inavyoiva. Usimwage yale maji yenye mbegu, kwani humo mnayo nyingi kuliko kwenye nyama yake. Kaanga vitunguu viwili, tia nyanya zilizosagwa na nusu kijiko cha chumvi, acha wazi juu ya moto wa wastani dakika 25 hadi 30 mpaka mafuta yajitenge pembeni na kijiko kikipita kiache njia. Hapo ndipo wengi hukosa subira: nyanya iliyochemka dakika 8 ni maji mekundu machachu, na mpishi anakimbilia kidonge.

Kisha lita moja ya maji ya moto, kijiko kimoja cha chakula cha unga wa dagaa, uchemke taratibu dakika 10. Vijiko viwili vitafanya mchuzi unuke samaki. Kama ni mchuzi wa nazi, unga uingie na tui jepesi, tui zito lifuate mwishoni bila kutokota. Chumvi onja baada ya hapo, maana dagaa wengine hutiwa chumvi wakati wa kukausha.

Uhifadhi kwenye chupa ya kioo, gizani, mwezi mmoja. Ukisikia harufu ya mafuta ya taa au rangi za kupaka, mafuta ya samaki yamechacha, mwaga.

SWALI: Mtoto wangu ana miezi minane. Naweza kumtilia kidonge cha supu kwenye viazi? *Mama, Kigali*

JIBU: Hapana, na sababu ni chumvi. Figo za mtoto wa umri huo hazihitaji chumvi ya kuongezwa. Mchotee chake kabla hujatia kidonge kwenye sufuria ya familia. Kijiko cha unga wa dagaa wasio na chumvi, uliochekechwa mara mbili, kinamfaa zaidi, maana una madini ya chokaa na protini. Na utamu wenyewe si mgeni kwake: maziwa ya mama yana glutameti nyingi kuliko ya ng'ombe.

SWALI: Nilinunua unga wa rejareja nikashuku umechanganywa na chumvi au sukari. Nitajuaje? *Msomaji, Kahama*

JIBU: Umwage kidogo kwenye karatasi nyeusi mchana. Chembe za MSG ni ndefu, kama vijiti vya kioo. Za chumvi ni za mraba, za sukari ni nene zisizo na mpangilio. Kisha weka chembechembe kwenye kijiko cha chuma kikavu juu ya moto. Sukari itayeyuka na kunukia kama peremende kabla ya kuwa nyeusi. MSG itageuka kahawia, kisha nyeusi, kwa harufu ya nywele zilizoungua. Chumvi itarukaruka tu na kubaki nyeupe. Ukiona weusi na chembe nyeupe zinazoruka kwa pamoja, umeuziwa mchanganyiko.

Kama umeganda madonge lakini ni mweupe na hauna harufu, haujaharibika, umeshika unyevu tu. Uvunje, uanike saa mbili juani, uutie kwenye chupa yenye mfuniko unaokaza, na kijiko chake kiwe kikavu.